Mwaka wa Kuzaliwa, na Umejuaje?

Mtu yeyote aliyepita kidato cha kwanza katika nchi hii anaweza kukutajia umri wa Zinjanthropus: miaka milioni 1.75. Tumeikariri tarakimu hiyo kama tulivyoikariri tarehe ya Uhuru. Kila mwaka ninapopokea wanafunzi wapya hapa Dodoma huwauliza swali linalofuata: tumejuaje? Ukumbi hunyamaza kidogo, kisha mmoja wa mstari wa mbele hujibu kwa kujiamini, "Kaboni 14, Mwalimu," na wenzake hutikisa vichwa kukubali.

Haiwezi kuwa kaboni 14. Kaboni hiyo huisha upesi mno, na kitu kilichozidi miaka elfu hamsini hivi kimeshatoka nje ya uwezo wake. Wanafunzi wangu hawana makosa. Walipewa tarakimu bila kupewa njia iliyoizaa, na mtu aliyepewa jibu tupu hujitafutia njia yoyote iliyo karibu. Mimi si mwanajiolojia. Kazi yangu ni mambo ya jamii na utawala. Nimejikuta nikisoma habari za miamba kwa sababu nchi yetu ina mazoea ya kupokea tarakimu na kuzitumia, na mara chache sana ya kuziuliza zimetoka wapi. Jambo hilo limenigusa hadi nyumbani kwangu, Nkuhungu, kama nitakavyoeleza.

Shahidi wa umri wa Zinj ni gesi. Katika hewa tunayoivuta, karibu asilimia moja ni argoni, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Argoni haiungani na kitu, haiungui, haishawishiki. Uvivu huo ndio unaoifanya ifae kutoa ushahidi. Mzazi wake ni potasiamu, madini yaliyomo katika mbolea, katika ndizi, na katika feldispa, ile chembe nyeupe au ya waridi inayometameta ndani ya graniti ya vilima vinavyoizunguka Dodoma. Katika kila atomi elfu nane na mia tano hivi za potasiamu, moja ni ya aina yenye uzito wa 40, na hiyo haitulii. Hubadilika polepole sana, kiasi kwamba nusu yake huisha baada ya miaka bilioni 1.25. Katika kila atomi mia zinazobadilika, themanini na tisa hivi huwa kalisi, na kumi na moja zilizobaki huwa argoni.

Sasa chukua mlima wa volkano. Lava ingali uji wa moto, argoni iliyomo hutoka na kupotelea hewani. Lava ikipoa, fuwele hujifunga kama chungu kilichofunikwa, na argoni itakayozaliwa humo tangu siku hiyo haina pa kwenda. Saa imeanzia sifuri. Miaka milioni ikipita, mtaalamu huipasha fuwele moto hadi itoe gesi yake, akahesabu argoni iliyokusanyika na potasiamu iliyosalia, akapata muda uliopita. Lakini angalia kinachopimwa. Ni siku chungu kilipofunikwa. Mfupa wa Zinj wenyewe haukupimwa kwa njia hii, wala hauwezi kupimwa. Kilichopimwa ni majivu ya volkano yaliyolala juu yake na chini yake, na umri wa mfupa tumeubana katikati.

Shahidi huyu naye ana njia zake za kupotosha. Hewa ya kawaida ikijipenyeza ndani ya jiwe, huingiza argoni ya bure. Ndiyo maana wataalamu huitafuta pia argoni yenye uzito wa 36, ambayo hewani huwa moja kwa kila 298 hivi za uzito wa 40, ili wajue ni kiasi gani cha kutoa. Jiwe likipashwa moto tena baada ya kuzaliwa, chungu hufunguka na saa huanza upya. Sisi wa nyanda za kati tunaishi juu ya mfano wa jambo hilo. Graniti iliyo chini ya Dodoma ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na msingi wa nyumba yangu umejengwa kwa mawe yake. Ukishuka mashariki kuelekea Morogoro unaingia katika Ukanda wa Msumbiji, uliobanwa na kuchomwa na joto takriban miaka milioni 600 iliyopita. Humo unaweza kuokota jiwe la kale sana ambalo argoni yake inakueleza tu lilipoa lini mara ya mwisho. Halisemi uongo. Linajibu swali tofauti na ulilouliza.

Mary Leakey aliliona fuvu la Zinj pale Olduvai (Wamaasai wenyewe husema Oldupai, yaani mkonge pori) tarehe 17 Julai 1959. Mumewe, Louis, alikisia kwamba lina miaka kama laki sita. Kisha Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakapima majivu kwa njia ya potasiamu na argoni, na mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru, matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature: miaka milioni 1.75. Umri wa ukoo wa binadamu ukawa umepanuka karibu mara tatu kwa kurasa chache.

Vitabu vyetu vya shule hukomea hapo. Kilichofuata ndicho ningependa kila mtumishi wa umma akisome. Mwaka huohuo von Koenigswald, pamoja na Gentner na Lippolt, walichapisha katika jarida lilelile kipimo cha basalti iliyolala chini ya matabaka hayo: miaka milioni 1.3. Msingi ukawa mdogo kwa umri kuliko nyumba iliyojengwa juu yake! Mmoja wa mashahidi alikuwa na kasoro. Wa Berkeley walijibu kwamba basalti iliyoharibiwa na maji na hewa huvujisha argoni, na hivyo huonekana changa. Hoja zao zilishinda, lakini zilishinda kwa kujibiwa hadharani, kila upande ukionyesha jiwe lake, mahali lilipochukuliwa, na hesabu yake.

Baadaye njia yenyewe ilinolewa. Mwaka 1966 Craig Merrihue na Grenville Turner walieleza jinsi ya kuepuka kupima potasiamu na argoni kwa vipande viwili tofauti. Fuwele hupelekwa kwanza kwenye kinu cha nyuklia na kupigwa nyutroni, ili sehemu ya potasiamu yake igeuke kuwa argoni yenye uzito wa 39. Baada ya hapo gesi mbili tu, zinazotoka pamoja ndani ya fuwele ileile, hulinganishwa. Unaweza kuipasha hatua kwa hatua na kuona kama kila hatua inatoa umri uleule. Ikiwa haitoi, jiwe linakuonya lenyewe. Kwa leza unaweza kupima fuwele moja moja, ndogo kuliko punje ya ulezi.

Kwa njia hiyo ya leza, Olduvai ilipimwa upya na matokeo kuchapishwa katika Nature mwaka 1991. Jina la pili katika orodha ya waandishi ni la Mtanzania, Paul Manega. Sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyelisikia jina hilo shuleni. Vipimo vya miaka ya karibuni zaidi vinaliweka tabaka la Zinj kwenye miaka milioni 1.84 hivi. Ile 1.75 tuliyoikariri imeshapitwa, na vitabu vyetu havina habari.

Kisa kikubwa zaidi kilitokea kwa jirani zetu wa Kenya. Huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, kuna tabaka la majivu liitwalo KBS. Mwaka 1970 Fitch na Miller wa Uingereza walitangaza kwamba lina miaka milioni 2.61, wakitumia njia mpya ya argoni mbili. Miaka miwili baadaye Bernard Ngeneo, Mkenya mwenye jicho kali kuliko maprofesa wengi, akaona chini ya tabaka hilo vipande vya fuvu lililokuja kujulikana kwa namba 1470. Kama tabaka lilikuwa la miaka milioni 2.61, fuvu hilo lilikuwa la kale zaidi, na historia ya jenasi ya Homo ilibidi iandikwe upya. Kundi la Richard Leakey liliishikilia tarakimu hiyo kwa nguvu.

Walioipinga walikuwa nguruwe. Basil Cooke, mtaalamu wa visukuku vya nguruwe, aligundua kwamba nguruwe waliozikwa chini ya majivu ya KBS walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, waliokuwa na umri wa kama miaka milioni mbili tu. Meno ya nguruwe hayahitaji kinu cha nyuklia. Yanahitaji mtu mvumilivu na meza. Kwa miaka kadhaa nguruwe walidharauliwa, maana nani atamwamini nguruwe dhidi ya mashine? Mwaka 1975 Curtis alipata miaka milioni 1.82 na 1.60 kwa sampuli nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ian McDougall wa Canberra akamaliza ubishi: miaka milioni 1.88, kosa lisilozidi milioni 0.02. Majivu ya mwanzo yalikuwa yamechanganyika na chembe za kale zilizosombwa na maji, na mashine ilizipima kwa uaminifu kabisa pamoja na zile changa.

Nina shangazi tunayeishi naye Nkuhungu, dada mkubwa wa marehemu baba. Hakuwahi kusoma, na siku aliyozaliwa haikuandikwa popote. Miaka mingi iliyopita, katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja, karani alimtazama usoni, akakisia, akaandika kwenye karatasi: 1 Julai 1958. Kuanzia hapo tarehe ile ikahama kutoka karatasi hadi karatasi, na kila ofisi iliyofuata iliinakili kutoka kwa iliyotangulia.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea. Mwaka 2016 shangazi alikwenda kutibiwa miguu akitarajia huduma ya wazee. Kijana wa dirishani alikisoma kitambulisho na kusema kwa adabu, "Mama, kwa hiki bado hujawa mzee. Bado miaka miwili." Shangazi alinieleza jioni huku akicheka. Alikuwa amemjibu, "Basi, mwanangu, nipe dawa za vijana."

Mimi sikucheka. Mwanawe wa kwanza, binamu yangu, ana cheti cha ubatizo cha mwaka 1959. Kwa mujibu wa nyaraka, shangazi alikuwa mzazi akiwa na mwaka mmoja. Binamu yangu ndiye nguruwe wa Koobi Fora: ushahidi wa bei rahisi, unaoonekana na yeyote, unaoonyesha kwamba tarakimu rasmi haiwezekani. Ulikuwepo wakati wote. Hakuna aliyeuangalia kwa sababu kitambulisho kilikuwa kimepigwa muhuri.

Nilikaa naye nikafanya kile wanachofanya wanajiolojia: kutafuta tabaka la chini na tabaka la juu. Wazee wa Ugogo huhesabu miaka kwa njaa. Kubwa kuliko zote waliiita Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa. Njaa kama hiyo hufanya kazi ya majivu ya volkano. Iliangukia kila kijiji kwa wakati mmoja, na yeyote aliyekuwapo anajulikana alikuwa wapi na mkubwa kiasi gani. Mama yake shangazi, yaani bibi yangu, alikuwa mtoto wa mgongoni wakati wa Mtunya. Kwa hiyo hangeweza kuwa amezaa kabla ya mwaka 1936 hivi. Hilo ni tabaka la chini. Tabaka la juu ni matrekta. Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga Kongwa mwaka 1947, shangazi alikuwa tayari anachunga mbuzi, na anakumbuka mbuzi walivyotawanyika kwa mngurumo. Mtoto hapewi mbuzi kabla ya miaka sita. Basi alizaliwa kati ya 1936 na 1941. Ukipenda: 1938 au 1939, kosa la miaka mitatu.

Niliandika hayo yote katika barua na kuipeleka ofisini, nikaambatanisha cheti cha ubatizo. Ofisa aliyenipokea alikuwa muungwana na aliisoma hadi mwisho. Kisha akasema, "Daktari, nimekuelewa, lakini mfumo unataka tarehe." Si mwaka, si kati ya mwaka huu na ule, siku, mwezi na mwaka. Ilibidi tukaape, na kiapo kikasema 1 Januari 1939. Huduma aliipata, baada ya miezi. Lakini tumeondoa tarehe moja ya kubuni na kuweka nyingine, na miaka thelathini ijayo mtafiti atakayefungua kanzidata hiyo atakuta kundi kubwa la Watanzania waliozaliwa tarehe mosi Januari na tarehe mosi Julai, asijue yupi aliandikwa na mkunga na yupi alikisiwa na karani.

Mwanajiolojia anayeandika 1.88 bila kuongeza "kosa la 0.02" hurudishiwa makala yake. Kosa hilo si aibu. Ni maelezo ya kiasi gani anaweza kuaminiwa, na humpa mwenzake mlango wa kuingilia akitaka kubisha. Nyaraka zetu za serikali hazina nafasi ya maelezo hayo. Tarehe 28 Aprili 2017, hapahapa Dodoma, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Niliunga mkono uhakiki ule, na bado nauunga mkono. Walioona wameonewa walipewa nafasi ya kukata rufaa, jambo lililokuwa sahihi. Kilichonisumbua ni namna tulivyoizungumza 9,932 mitaani na maofisini, kama idadi isiyo na ukingo, na rufaa kama usumbufu wa wakosaji. Rufaa ni sehemu ya kipimo. Bila von Koenigswald kubisha mwaka 1961, tusingejua kwa nini basalti ya Olduvai haifai.

Kubisha nako kunahitaji vyombo. Tarakimu zote za argoni nilizozitaja kwa umri wa Olduvai na Koobi Fora zilipimwa nje ya Afrika: Berkeley, Ujerumani, Uingereza, Canberra. Mawe yaliondoka na kurudi yakiwa tarakimu. Haikuwa lazima iwe hivyo milele. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa mwaka 1959, mwaka uleule wa Zinj, katika chuo kikuu cha Lovanium, mahali panapoitwa leo Kinshasa. Makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania yako Dodoma, na chuo kikuu chetu kinafundisha jiolojia. Hatuanzii sifuri, ingawa bajeti zetu za utafiti huandikwa kana kwamba tumeridhika kuanzia hapo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu hawalijui. Njia ya argoni mbili haitoi umri peke yake. Kila fuwele inayopelekwa kwenye kinu husindikizwa na fuwele nyingine ambayo umri wake unakubalika, na hesabu yote hufanywa kwa kulinganisha. Mojawapo ya fuwele hizo za rejea zinazotumika sana duniani hutoka kwenye majivu ya volkano ya Fish Canyon, jimbo la Colorado, Marekani. Kwa miaka kumi hivi ilihesabiwa kuwa na miaka milioni 28.02. Mwaka 2008 watafiti waliilinganisha na matabaka ya bahari ya kale nchini Morocco, yanayohesabika kwa mabadiliko ya polepole ya mwendo wa dunia kuzunguka jua, wakapata 28.201. Tofauti hiyo, chini ya asilimia moja, ilisogeza kila umri uliopimwa kwa rejea hiyo. Tabaka la Zinj likaongezewa kama miaka elfu kumi na mbili, na hakuna mtu aliyekuwa amegusa jiwe hata moja la Olduvai.

Nilipowaeleza wanafunzi habari hii muhula uliopita, mmoja aliuliza kama fuwele ya Tanzania inaweza kuwa rejea ya dunia. Sioni sheria yoyote ya maumbile inayokataza. Yatakiwa majivu yenye fuwele safi zilizopoa mara moja na hazikupashwa tena, kinu, mashine ya kutenganisha atomi kwa uzito wake, na watu wanaolipwa kukaa na kazi hiyo miaka ishirini bila kuhamishiwa idara nyingine. Volkano za kaskazini zimetuachia majivu ya kutosha kutafutia la kwanza. La mwisho lilianza kuonekana kwa Manega, aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya umri wa miamba hiyohiyo ya Ngorongoro na Olduvai. Aliiandikia Chuo Kikuu cha Colorado, mwaka 1993.